Kidole Gumba cha Gesare

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Leo nimechekwa pale sokoni Sironga mbele ya watu, na kinachoniuma ni kwamba aliyewachekesha alikuwa na hoja.

Nilikuwa nje ya duka la mbolea nikiwaeleza wanaume wanne jinsi chai ilivyotugeuza vibarua kwenye mashamba yetu wenyewe. Jani ambalo ng'ombe halili, mtoto halili, na bei yake inapangwa na watu wasiojua matope yetu yana rangi gani. Haya nimeyaandika gazetini mara tatu. Katika makala ya mwisho nilitoa mfano wa nyumbani: kwamba dada yangu Gesare, mgonjwa asiyeweza kusema, amekubali nusu eka yake ya chai ing'olewe, tupande maparachichi, na kwamba kazi itafanyika Jumatatu tarehe 25 Novemba, mbele ya yeyote anayetaka kuja kujionea. Niliandika, "Asiye na sauti ameona ambacho wenye sauti wameshindwa kukiona." Sentensi hiyo niliipenda sana.

Ishmael, jirani yetu mchonga mawe, aliyekuwa amesimama kando, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, Gesare alisema hayo lini?"

"Alikubali."

"Sijauliza kama alikubali. Nimeuliza alisema lini."

"Ishmael, unajua vizuri kwamba hawezi kusema!"

"Basi ni wewe umesema."

Wakacheka wote wanne, hata yule aliyekuwa upande wangu.

Niandike wazi hali ilivyo, maana shajara haina wa kushindana naye. Gesare ni mdogo wangu. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimwangusha kwenye kituo cha kuuzia chai, kalamu mkononi, akipima majani ya watu, kazi aliyoifanya miaka kumi na mmoja. Akili yake ni nzima kabisa. Mbali na macho, mwilini kimebaki kitu kimoja kinachomtii: kidole gumba cha mkono wa kushoto. Mazungumzo yetu nilipanga mimi mwenyewe tangu hospitalini: namuuliza, akifumba macho ni ndiyo, akiyaacha wazi ni hapana. Nilimuuliza kuhusu chai. Akafumba.

Lakini Ishmael ameniachia mwiba. Kwa hiyo nimeamua: kabla ya tarehe 25 Novemba, Gesare ataandika ndiyo yake mwenyewe kwenye kompyuta, herufi kwa herufi, kwa kidole hicho, na nitawaita wale wanaume wanne waje waisome. Vifaa vya namna hiyo vinavyouzwa ng'ambo bei yake ni ng'ombe wawili wa maziwa. Nitakitengeneza mwenyewe. Joistiki ndogo, kijiti cha kusukumwa na kidole gumba, pamoja na bodi ya kuipelekea kompyuta habari. Watoto wa sekondari wanatengeneza vitu kama hivyo, nimeona picha.

Nilipomwambia mke wangu Orpah, aliacha kuchambua mchicha akanitazama. "Sawa, Baba Omosa," akasema. Orpah akisema "sawa" kwa sauti ile, huwa hajamaliza.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua. Nasoma habari za bodi.

Jumatatu, 23 Septemba

Siku saba nimesoma, na sasa najua kwamba duniani kuna watu wabishi kuliko mimi. Wamejaa kwenye mabaraza ya mtandaoni, wanatukanana juu ya vipande vya plastiki ukubwa wa kiberiti. Huyu anasema bila Uno hujaanza. Yule anasema Uno ni ya watoto, chukua Leonardo. Wa tatu anataka ESP32 isiyo na waya. Mmoja aliniambia kwamba mtu anayejenga joistiki bila kujua anachotaka atanunua bodi mara mbili. Nilimjibu kwa aya kumi na moja.

Bodi yenyewe ni kitu cha kushangaza, hata kama mashabiki wake wanaudhi. Ndani yake mna kichwa kidogo kinachosikia umeme ukipanda na kushuka, kisha kinaamua. Kijiti cha joistiki kina ndani yake vitu viwili kama vile vya kuongezea sauti ya redio: kimoja kinasikia kushoto na kulia, kingine juu na chini. Bodi inavisoma mara mia kadhaa kwa sekunde. Mara mia kadhaa! Mimi hata mke wangu simsikilizi hivyo.

Nimeamua. Uno. Inafundishwa kila shule, inauzwa kila mahali. Ni bodi ya wananchi.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimenunua Uno Kisii mjini. Nilipoiunganisha na laptopu, taa moja ndogo ikawaka, ikazima, ikawaka. Nilimwinulia Gesare aione. Aliitazama muda mrefu bila kupepesa. Nilikaa naye tukaitazama kama watu wanaoota moto, mpaka Orpah akatukumbusha kwamba jua linashuka na Sabato inaingia.

Jumamosi, 28 Septemba

Sabato. Sikugusa waya.

Jumatano, 2 Oktoba

Haifanyi kazi. Siku tatu! Kijiti nimekiunganisha sawasawa, bodi inasoma, tarakimu zinatiririka kwenye kioo cha laptopu kama maji ya mfereji. Lakini kishale hakisogei. Kompyuta inaona bodi, na haioni joistiki. Nimemwandikia mwenye duka barua ya kurasa tatu juu ya maadili ya biashara. Orpah aliisoma akaniuliza kama mwenye duka aliniambia kwamba ile bodi ni joistiki. Barua sijaituma.

Ijumaa, 4 Oktoba

Leo nimekutana na mtu.

Mwenye duka, ambaye kumbe ni muungwana, alinielekeza kwa fundi mmoja karibu na Daraja Mbili. "Akishindwa Pam, zika," akasema. Nilitarajia mwanamume, nikamkuta mama wa miaka arobaini hivi, Mjaluo kutoka upande wa Homa Bay, miwani imefungwa kwa uzi, ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Nilianza kumweleza historia ya tatizo. Nilikuwa nimefika kwenye mabaraza ya mtandaoni aliponyoosha mkono bila kuinua kichwa.

"Leta."

Nikampa Uno.

"Japuonj," akasema, maana wao ndivyo wanavyomwita mwalimu, "hii nzima. Haina shida yoyote."

"Ina shida kubwa! Kompyuta haiioni joistiki!"

"Hiyo ni kwa sababu si joistiki. Hii ukiichomeka, kompyuta inaambiwa: mimi ni bodi, nina habari za kukusomea. Basi. Haijui kujifanya kipanya. Kichwa chake kikuu hakiongei na kompyuta chenyewe. Kuna karani amekaa katikati, na huyo karani anajua lugha moja tu."

"Mbona kila mtu anaisifu?"

"Ni nzuri. Kwa taa, kwa pampu, kwa kuku. Wewe ulipoinunua ulijiuliza inasifiwa na nani, ama ulijiuliza itafanya nini?"

Nimebishana na maaskofu, wakurugenzi na mbunge mmoja. Leo nilivuta kigoda nikakaa nisikilize.

Alifuta meza kwa kiganja akapanga bodi tatu. Nayaandika maneno yake yalivyokuwa, kwa sababu sijawahi kusikia uchaguzi ukielezwa vizuri hivyo.

"Hii ya kwanza, Pro Micro. Inajua kujifanya kipanya, kibodi, joistiki, chochote. Wenye gemu wanaipenda. Lakini angalia hapa mdomoni, pa kuchomekea waya. Pamebandikwa tu. Mgonjwa anageuzwa kitandani, waya unavutwa, mdomo unang'oka. Nimezika nyingi. Tena kwangu ni ghali, na hupatikana leo, kesho hakuna.

"Hii ya pili haina waya, inaongea hewani. Tamu sana. Sasa itahitaji betri. Nani atakumbuka kuichaji? Wewe?"

"Mke wangu," nikasema.

"Umesikia mwenyewe."

Ya tatu ilikuwa nyembamba, ndefu kama kidole, kijani. "Pico. Hii inaongea na kompyuta yenyewe, bila karani. Ina masikio matatu ya kusomea kijiti, na wewe unahitaji mawili. Na bei yake ni ndogo kuliko zote hapa, hata kuliko hiyo Uno yako. Unajua kwa nini nakuambia bei?"

"Ili ninunue."

"Ili ununue mbili. Kitu cha mtu wa duka kikifa, anangoja. Cha dada yako kikifa, amenyamaza tena. Mimi bodi ya mgonjwa naichagua hivi: ikifa leo, naweza kumpa ndugu yake kesho? Kama siwezi, ni ghali, hata ukiletewa bure."

Niliona aibu, kisha nikaona kitu kingine ambacho nimekosa jina lake. Nimesoma vitabu vingi juu ya haki, na hakuna hata kimoja kilichoniambia kwamba haki ni kuweka bodi ya pili kwenye droo.

Alibonyeza kitufe kidogo kilicho mgongoni mwa Pico huku akichomeka waya, na kompyuta yake ikaiona kama flashi. Akadondosha faili moja ndani. Basi. Alichukua kijiti cha pedi ya gemu iliyokufa, akalehemu waya nne mkono ukiwa hautikisiki hata kidogo, kisha akakisukuma kwa ncha ya kucha. Kishale kikaenda kulia. Akakisukuma juu, kikapanda. Alipoachia, kikasimama.

"Kikitulia juu ya herufi sekunde mbili, ni kama ameibonyeza," akasema. "Kibodi ya kwenye kioo iko ndani ya laptopu yako tayari. Ilikuwa humo siku zote."

Alikataa nimlipe kazi. Alisema nimwite siku dada yangu akiandika, aje asome.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua tangu saa nane. Gesare amekitazama kijiti siku nzima.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kijiti cha Pam ni chembamba, kidole cha Gesare kinateleza. Nilimwomba Ishmael achonge kichwa cha kukivisha. Ishmael ni wa Tabaka, kule kwenye machimbo ya mawe, kwa kuzaliwa. Mpe Mtabaka tatizo lolote duniani, jibu lake ni jiwe la sabuni. Leo amekileta. Nimewahi kuona vinyago vyake vya twiga na kukosoa ladha yake hadharani. Hiki sina la kukosoa. Ni kichwa cha ukubwa wa yai la kware, cheupe chenye mshipa wa waridi, na juu yake kuna kibonde kilichochukua umbo la kidole gumba cha Gesare. Ishmael alikuja Jumanne akaushika mkono wa Gesare dakika kumi, kumbe alikuwa anapima.

"Amenitia joto mkononi," akasema, nami nikajifanya natafuta miwani.

Jumanne, 15 Oktoba

Kishale kinakimbilia kona. Mtu hajagusa, chenyewe kinaanguka chini kulia na kulala huko. Nimeshinda na bodi tangu asubuhi. Nimechomeka ile ya pili, ikafanya vilevile. Nikasema basi, Pam ametuuzia takataka ya bei rahisi, rahisi ni rahisi tu, nitaagiza ya bei ya juu Nairobi. Nilikuwa nimekwisha kuandika aya ya kwanza ya barua.

Orpah aliingia na uji. Hakuniangalia mimi wala laptopu. Alimwangalia Gesare machoni, akageuka kuona macho hayo yameelekea wapi, akarudi tena.

"Anaangalia jiwe," akasema.

"Anapenda lilivyochongwa."

"Baba Omosa, toa jiwe."

Nikatoa. Nikasukuma kijiti, kishale kikapanda hadi katikati, na nilipoachia kikatulia. Kile kispringi cha ndani ni chepesi kama unywele wa paka, na sisi tulikuwa tumekibebesha jiwe. Bodi ilikuwa inasema kweli siku nzima: kijiti kimelala, kijiti kimelala. Mimi ndiye niliyeiita mwongo.

Kuna jambo limenibaki. Orpah hakumuuliza Gesare kitu. Hakumwambia fumba, usifumbe. Alifuata macho tu.

Jumatano, 16 Oktoba

Ishmael amenuna kwa ajili ya jiwe lake. "Jiwe halina kosa," akasema. "Chuma chenu ndicho dhaifu." Alikaa barazani, Orpah akampa mahindi ya kuchemsha. Alipomaliza kula aliligeuzageuza gunzi mkononi, akalipima uzito, akatoa kisu mfukoni. Baada ya nusu saa kijiti kilikuwa na kichwa cha gunzi, chenye kibonde kilekile. Hakina uzito wa kunyanyua nzi. Na kwa kuwa gunzi linakwaruza kidogo, kidole hakitelezi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua ya mawe. Dakika ishirini. Majani ya chai yamechanika kila mahali. Nikasema kwa sauti, "Mnaona?" Orpah akaendelea kumlisha Gesare uji.

Jumanne, 29 Oktoba

Mungu wangu.

Siku kumi na mbili amejaribu. Siku za kwanza kishale kilikuwa kinarukaruka kama panzi. Mimi ningevunja kitu. Yeye anapumua, anaanza tena. Nimemhesabia: leo asubuhi, mara arobaini na tatu kabla hajatulia juu ya herufi moja. Ile ya kwanza ilikuwa T. Kisha I. Orpah aliacha sufuria jikoni ikaungua. Kisha G, kisha A.

TIGA.

Kwa Ekegusii chetu ni "acha". Neno la kwanza la dada yangu baada ya miaka miwili! Nilimshika kichwa nikambusu, nikalia, silifichi. Nikawaambia wote, "Amechoka. Anataka tuache, apumzike." Nikafunga laptopu kumpumzisha.

Orpah alikaa pale pale akimtazama. Gesare alikuwa amenikodolea macho.

Jumatatu, 4 Novemba

Stima imepotea siku ya tatu. Laptopu imekufa.

Ijumaa, 8 Novemba

Stima imerudi. Leo Gesare ameandika CHUMVI. Orpah amecheka mpaka akakaa chini. Miaka miwili uji na mboga havina chumvi, kwa sababu mimi nilisoma kwamba chumvi ni mbaya kwa mwenye kiharusi, nikapiga marufuku. "Kidogo tu," Orpah akamwambia, "na mwalimu hatajua." Mwalimu alikuwa amesimama pale pale.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeongea na Ratemo, kiongozi wa vibarua. Watakuja kumi na majembe yao, tarehe 25, saa mbili. Wale wanaume wanne nao wamesema watakuja. Imebaki Gesare aandike.

Jumatano, 20 Novemba

Naandika polepole, nisije nikaibadilisha.

Pam alikuja, kama alivyoomba. Ishmael alikuwepo. Orpah alimketisha Gesare dirishani, mto chini ya kiwiko, kijiti chini ya kidole. Nikasimama mbele yao nikatoa hotuba fupi. Nilisema kwamba leo mtu aliyenyang'anywa sauti anairudisha mwenyewe. Kisha nikauliza, "Gesare, mdogo wangu, waambie hawa: unakubali chai yako ing'olewe?"

Alianza saa nne na dakika kumi.

Herufi ya kwanza ilikuwa A, kisha N, kisha Y. Lilikuwa jina langu, Anyona. Nimekaa kwenye mikutano ya maelfu, sijawahi kuona watu wanne wakimsubiri mtu namna ile. Kishale kilikwenda, kikapita, kikarudi, kikatulia, herufi ikaingia. Akikosea alirudi kuifuta, na kufuta pia kulimchukua muda. Jasho lilimtoka pembeni mwa pua, Orpah akalifuta. Mvua ilianza ikaisha. Pam alivua miwani, hakuivaa tena. Ilipofika saa sita na robo, kwenye kioo paliandikwa hivi:

ANYONA SIJAKUBALI. UNAULIZA HUKU UNAJIJIBU. NILIFUMBA MACHO UNYAMAZE

Aliandika Kiswahili. Nyumbani tunaongea Ekegusii, Kiswahili tunachovya neno moja moja tu. Alikichagua ili mgeni, asiyejua lugha yetu, awe shahidi.

Pam aliisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma barua ya serikali. Ishmael akatazama nje. Mimi nilisema, "Lakini..." na Orpah akaniwekea mkono begani. Hakuukandamiza. Aliuweka tu.

"Japuonj," Pam akasema, "mashine yako inafanya kazi."

Alhamisi, 21 Novemba

Miaka ishirini nimeandika juu ya uchaguzi. Nimewaita watu wezi kwa majina. Nami nilimtungia dada yangu kura ambamo uchovu unahesabiwa kuwa ndiyo. Nilimuuliza yale niliyotaka, jinsi nilivyotaka, mpaka macho yake yakafumba, nikaenda kutangaza matokeo gazetini.

Na lile TIGA. Aliniambia tangu Oktoba. Acha. Nikalitafsiri tena.

Hata hivyo mimi ni mimi. Leo nilimpelekea karatasi ya mahesabu: mbolea, kuchuma, malipo, hasara. Nikasema sitakulazimisha, ila uone. Aliitazama, akaandika dakika arobaini.

NAJUA. NILIKUWA MPIMAJI

Miaka kumi na mmoja alipima chai ya kata nzima. Namletea nani mahesabu?

Nikamuuliza, na mara hii nikafunga mdomo kabisa baada ya kuuliza: "Basi kwa nini?"

Ilikwenda hadi alasiri. Alipumzika mara tatu. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, na nilijikuta nasikia vitu: kuku chini ya ghala, kispringi kikirudi, pumzi yake ikisimama kila anapokaribia herufi. Kumbe chumba hiki kina sauti zote hizi.

WACHUMAJI WANAPITA HAPA SIKU TATU KWA JUMA. NYANCHERA ANANISALIMIA. WENGINE PIA. WANANIAMBIA HABARI. PARACHICHI HAINA MCHUMAJI MPAKA MWAKA WA TATU

Njia ya kwenda kwenye chai yake inapita chini ya dirisha. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa akina mama wanaomchumia wanapita na vikapu, wanasimama pale, wanamweleza nani amejifungua, nani amegombana na mkwe, bila kumuuliza swali hata moja. Nimewasikia miaka miwili. Nilidhani ni kelele.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimewaandikia watu wa gazeti. Aya moja, fupi kuliko zote nilizowahi kuwatumia. Dada yangu Gesare hajakubali. Nilisema uongo bila kujua, na nilipaswa kujua. Sikuongeza neno juu ya bei ya chai. Ingekuwa rahisi sana kuongeza.

Orpah aliisoma. "Sawa," akasema, na safari hii alikuwa amemaliza.

Jumapili, 24 Novemba

Asubuhi Gesare ameandika HESABU MAPENGO. Nikamuuliza mapengo gani. Macho yakaenda dirishani. Orpah akaelewa: miche iliyokufa, mashimo matupu kati ya mistari.

Nimeingia kwenye chai hiyo kwa mara ya kwanza tangu aumwe. Nimetembea mstari kwa mstari nikilowa hadi kiunoni, na nilichokuwa nikikiita gazetini "kijani cha utumwa" ni vichaka zaidi ya elfu mbili vilivyopandwa na mtu mmoja kwa kamba iliyonyooka, mteremko mzima, na mstari mmoja tu umepinda, pale ulipokutana na mwamba. Aliuzungusha mwamba kwa adabu kisha akarudi kwenye mstari. Mapengo ni thelathini na sita. Nilipomwambia, aliandika MICHE MAGWAGWA, na Orpah akampigia mtu wa kitalu cha huko.

Sikuwaambia vibarua wasije. Gesare alikataa. WAJE, aliandika.

Jumatatu, 25 Novemba

Walikuja saa mbili. Ratemo na watu wake tisa, majembe mabegani. Wale wanaume wanne. Na wengine zaidi ya ishirini waliosoma makala ile ya kuwaalika na hawajaona aya yangu ya kusahihisha, wamekuja kuona chai ikifa.

Nilitoka kuwaeleza. Nilikuwa na sentensi nzuri. Ratemo akanikatiza, "Mwalimu, tuanzie juu ama chini?" Nami, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mbele ya watu zaidi ya kumi, nikasema, "Sijui. Muulizeni mwenyewe."

Wakajaa dirishani. Laptopu ilikuwa imegeuzwa ili waone. Gesare aliwatazama wote, kisha kidole kikaanza. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa nguvu hii sinema itachukua muda gani, Ishmael akamwambia, "Wewe ulikuja kuangalia miti ikianguka. Hiyo ingechukua siku nzima. Tulia." Akatulia. Wote walitulia. Watu thelathini kwenye matope, wanangoja herufi.

CHIMBENI MAPENGO TU

Ratemo alisoma, akarudia kusoma. "Kwa hiyo hatung'oi?"

CHIMBENI, akaandika tena, na mama mmoja akacheka kwa furaha huko nyuma. Nadhani alikuwa Nyanchera.

Miche ilifika saa nne kwa pikipiki, imefungwa kwa gunia bichi. Nilichukua jembe. Ratemo alitaka kunizuia, nikamwambia nami nimeajiriwa. Tulichimba. Ratemo alikuwa anapita na mpini wa jembe, anapima kila shimo, kisha anakwenda dirishani kutoa ripoti, kama ambavyo wachumaji walizoea kumripotia Gesare alipokuwa kwenye mizani.

Saa saba hivi nilimwona amesimama dirishani muda mrefu kuliko kawaida. Akarudi huku anajizuia kucheka.

"Mwalimu, shimo lako la tisa."

"Lina nini?"

"Nilimwambia ni fupi, halijafika kwenye alama ya mpini. Nikamwambia pia ni lako, nikadhani atasamehe."

"Akasema?"

"ARUDIE."

Vibarua wote wakaacha kazi waone nitafanya nini. Nilikuwa na hoja mbili nzuri kuhusu mawe yaliyo chini pale. Nikarudi kwenye shimo la tisa, nikashuka magoti, na nikachimba mpaka Ratemo akasema inatosha.